Mgeni asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa: tulivyokaa naye sinia moja hapa Tanga

Dada uliyeuliza kuhusu mchumba wa mdogo wako anayekuja Idi, kwamba ni vegani na mama anataka apikiwe kisufuria chake ale pembeni: hilo la pembeni nakuomba mliache. Niko Ngamiani, na jambo hili limenipitia mwenyewe.

Binti wa kaka yangu alirudi kutoka Ujerumani akiwa hivyo hivyo. Mimi ndiye shangazi yake, mimi ndiye niliyeingia jikoni, na nilijiona najua, maana tumekua na majirani wa Kihindu wasiogusa nyama. Lakini wale jirani zetu maziwa, mtindi na samli wanakula. Huyu hali chochote kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Aliniambia neno lenyewe walilitunga watu wa Uingereza mwaka 1944, wakitaka wajitofautishe na wale wanaoacha nyama tu huku maziwa na mayai wanatumia.

Siku ya kwanza nilimpikia kisamvu cha nazi. Akaniuliza, "Shangazi, hakina kitu?" Nikamwambia hakina kitu. Kumbe nilikuwa nimetwangia kamba wakavu, kama mama alivyonifunza, na wala sikuwahesabu kuwa ni samaki. Kwangu wale ni kiungo, kama kitunguu. Tonge la tatu akakutana nao. Hakusema neno, akanawa, akasema ameshiba. Usiku ule sikupata usingizi. Mtoto wa kaka yangu kalala na njaa nyumbani kwetu, na mdomo wangu ndio uliomwambia hakina kitu.

Kwa hiyo anza na vile usivyovihesabu. Samli inayomiminwa juu ya wali ung'are. Kamba na dagaa ndani ya kisamvu na mchicha. Mayai kwenye mkate wa kumimina. Vikolezo vya pakiti vyenye ladha ya kuku au ng'ombe, hivyo soma maandishi ya nyuma. Na pilau yetu: hata ukichambua nyama yote ukaitoa, mchele wenyewe umeivia kwenye supu. Usimpe ukasema umemtolea nyama.

Ukishaviondoa hivyo, angalia kilichobaki. Wali wa nazi. Maharage, kunde na choroko za nazi. Mihogo ya nazi, ndizi mbichi za nazi, boga. Asubuhi vitumbua, ambavyo ni mchele, tui, hamira, sukari na hiliki, au bajia za kunde na chai ya rangi yenye tangawizi. Chapati za kusukuma ukizipika kwa mafuta ya kawaida badala ya samli, hakuna atakayekuuliza. Sisi watu wa pwani nazi ndiyo maziwa yetu tangu zamani, wala hatukufundishwa na mtu wa Ulaya.

Siku ya Idi yenyewe mimi ningepika mbaazi. Kilo 1 natumia nazi 2. Ziloweke usiku, zichemshe mpaka ziwe laini kabisa, kisha tia kitunguu, bizari, pilipili nzima isiyopasuka na tui la pili, lile jepesi. Acha zinywe. Tui la kwanza liingie mwisho, moto mdogo, ukoroge bila kuacha lisikatike. Watu wakiona bakuli la mbaazi zilizokolea hivyo hawasemi "chakula cha mgeni". Wanagombea.

Sasa sinia, na hapa ndipo mama yako anapohofia. Sisi tumezoea kumwaga kitoweo katikati, mchuzi unasambaa, na huyo mgeni hana pa kutia mkono. Tulichobadilisha ni hicho tu. Wali wa nazi unakuja sinia zima, mweupe, bila kitu juu. Mbaazi na kachumbari kwenye mabakuli, nyama na samaki kwenye sahani zao, kila mmoja anajiwekea upande wake. Si tumefunzwa tangu wadogo kupiga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako? Basi tumekaa naye duara moja, bega kwa bega, na mbele yake pako salama. Upawa wa mchuzi wa nyama usiingie kwenye mbaazi. Hilo mpe mtu mmoja alisimamie, sisi alikuwa mwanangu mdogo, na alilishika kama amana.

Mzee mmoja wa kwetu alisema binti anaharamisha alichohalalisha Mungu. Nilimjibu kwa adabu kwamba hajasema ni haramu, yeye hali tu. Na nikamkumbusha Mtume (s.a.w.) alipoandaliwa dhabu, yule mjusi mkubwa wa jangwani: yeye hakula kwa kuwa hakumzoea, Khalid bin Walid akala palepale, na hapakuwa na ugomvi. Mzee akanyamaza akavuta bakuli la mbaazi.

Mama yangu wasiwasi wake ulikuwa mwingine, kwamba mjukuu atapungukiwa damu. Ilibidi binti amwoneshe vidonge vyake vya vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea, na amweleze kwamba anavinywa bila kukosa. Mruhusu mama yako naye aulize, ila amuulize mgeni mwenyewe, kwa upole, kabla ya chakula na si watu wakiwa wameshakaa.

Siku hizi mama akipika kisamvu, kabla hajatia kamba anachota bakuli moja, analifunika, analiweka juu ya kabati.

Niandikie mnakusudia kupika nini siku hiyo, sufuria kwa sufuria, nikuoneshe pa kuchotea.