Rimoti stata: fundi anataka ufunguo wako wa akiba, umpe?

Maswali ya kufunga kifaa cha kuwasha gari kwa rimoti yamejaa inboksi mpaka basi, wengine mna gari za juzi wengine mna Mark II imeshachoka, na karibu wote mnauliza bei wakati swali lenyewe ni usalama. Nimechagua machache, tuanze.

Nina Premio ya 2005. Fundi anataka nimpe ufunguo wa akiba aufungie ndani ya dashibodi, anasema bila hivyo rimoti stata haiwashi. Nimpe au ananipiga? (Tabata, Dar)

Hakupigi mkuu, ila usimpe kabla hujamuuliza anaufunga vipi. Kama gari yako ina imobilaiza, kwenye kichwa cha ufunguo kuna kachipu, na pale unapochomeka ufunguo kuna pete ya waya inayokasoma kale kachipu, kontrolo boksi (ndo kompyuta ya gari) ikipata jibu sahihi inaruhusu injini iendelee, isipolipata gari haiwaki au inawaka sekunde moja inazima. Sasa wewe unataka iwake wakati ufunguo uko mezani kwako ghorofa ya tatu, kwa hiyo lazima kompyuta idanganywe kwamba ufunguo upo pale chini. Hapo ndo hatari yote inapozaliwa, sio kwenye rimoti.

Njia ziko mbili. Hiyo ya fundi wako ni kuweka ufunguo kwenye kiboksi chenye koili, kinafichwa nyuma ya dashibodi, na kinaamshwa na rilei (swichi ndogo ya umeme) pale tu umebonyeza rimoti, gari ikishawaka kinalala tena. Njia ya pili ni moduli ya data inayoongea na kompyuta ya gari moja kwa moja, hiyo haihitaji ufunguo ubaki ndani, ni safi zaidi, shida yake moduli nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari za soko la Marekani na Kanada na Premio haikuuzwa huko, so utahangaika kupata inayoendana.

Kiboksi kikifungwa vizuri sio kibaya. Balaa ni fundi mwenye haraka zake, anatoa ile chipu anaibandika kwa tepu nyeusi palepale kwenye pete afu anarudisha kava, rimoti inawasha, wewe unafurahi unalipa, kumbe kuanzia siku hiyo imobilaiza yako imekufa, mwizi akija na bisibisi akavunja swichi anaondoka na gari kwa sababu kwa macho ya kompyuta ufunguo upo saa zote.

Namna ya kumkamata: kabla ya kazi nenda kwa mchonga funguo akuchongee ufunguo wa chuma mtupu usio na chipu, ni hela ndogo. Jaribu kuwasha nao. Ukiwasha gari na ikaendelea kunguruma ujue hata mwanzo gari haikuwa na imobilaiza (gari nyingi za Kijapani za bei ya chini za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka kiwandani bila hicho kitu) na wala hamna sababu ya kutoa ufunguo wako. Kama iligoma, sawa, mpe kazi, akimaliza rudia jaribio lilelile mbele yake kabla hujatoa hela. Ikiwaka sasa hivi mwambie afungue dashibodi. Na mwambie ule ufunguo wa ndani aukate makali kibaki kichwa tu, hamna haja ya kumwachia mtu ufunguo mzima wa milango ndani ya gari yako mwenyewe.

Boss niko na Probox manual, naweza weka? (Nakuru)

Mimi ningekwambia achana nayo. Gari manual ikiwashwa iko kwenye gia inaruka mbele, na kama kuna mtu amesimama hapo au kuna ukuta, umemaliza. Zipo zenye utaratibu maalum, unaacha frii, unavuta handibreki, unatoa ufunguo injini ikiwa bado inaunguruma, unashuka unafunga mlango ndo inajizima yenyewe, na mlango wowote ukifunguliwa baada ya hapo rimoti inakataa kuwasha. Mpango mzuri kabisa, ila unategemea swichi za milango, na Probox iliyobeba magunia miaka kumi swichi za milango yake unazijua mwenyewe, taa ya ndani inawaka ikijisikia.

Nimeona alamu yenye rimoti stata ya bei chee mtandaoni, kuna ubaya? (Mwanza)

Upo, na ni wa aina mbili. Kwanza rimoti nyingi za bei hiyo zinatuma kodi ileile, yani namba ileile ya siri, kila ukibonyeza. Mtu aliyekaa na kifaa cha kurekodi mawimbi pale parking anairekodi mara moja, kesho anaicheza, gari inafunguka. Zilizo bora zinabadilisha kodi kila ukibonyeza, ya jana haifai leo. Uliza hilo kabla ya kuuliza rangi ya rimoti. Sio kwamba hizo za kubadilisha kodi ni chuma, mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kule DEF CON, mkutano wa wadukuzi Las Vegas, kifaa kidogo kinachozuia na kuiba kodi kabla haijafika kwenye gari, ila angalau mwizi anabanwa afanye kazi.

La pili watu hawalifikirii kabisa. Alamu nyingi za kufungiwa mtaani zina kitufe kidogo kimefichwa chini ya usukani au karibu na fyuzi, ukiweka swichi oni ukakibonyeza mara kadhaa inajifunza rimoti mpya. Sasa unampa kijana wa kuosha gari ufunguo, wewe uko kwenye chai, dakika mbili tu ameshaingiza rimoti yake, na hamna taa itakayokwambia. Mwambie fundi akifiche mahali pasipo pa kawaida, na kila ukihisi vibaya futa rimoti zote uingize zako upya, kitabu cha kifaa kinaeleza, ndo maana nasema msitupe vile vikaratasi.

Dada yenu niko Minneapolis, baridi huku mnaijua. Nimeambiwa nifunge ya apu niwashe kwa simu. Ni salama? (Marekani)

Pole na hiyo baridi dada, wewe kwa kweli unahitaji, sio sisi wa kujionyesha. Ila apu naipa alama ndogo kuliko rimoti ya kawaida ya mkononi. Rimoti ya mkononi inamtaka mwizi awe karibu na gari, apu inamtaka awe na intaneti tu.

Na sio stori za kutishana. Mwaka 2019 jamaa anayejiita Jmaxxz alimfungia mpenzi wake rimoti stata yenye moduli ya MyCar ya kampuni ya AutoMobility ya Kanada, akaanza kuichokonoa, akakuta ndani ya apu yenyewe kumewekwa jina na paswedi ya msimamizi, yani aliyeichimba apu alikuwa anaweza kuona gari za watu zilipo, kuzifungua milango na kuziwasha bila kuijua paswedi ya mwenye gari. Machi mwaka huohuo watafiti wa Pen Test Partners wa Uingereza waliziangalia apu za alamu mbili kubwa, Viper na Pandora, zilizokuwa kwenye gari kama milioni 3, wakakuta unaweza kuchukua akaunti ya mtu kirahisi kwa kubadilisha barua pepe yake kwenye seva afu unaomba paswedi mpya, inakuja kwako. Pandora walikuwa wameshatangaza kwamba yao haidukuliki! Walizirekebisha haraka wote, ila wenye gari walikuwa wanalala usingizi wote huo bila kujua kitu. Na usidhani ya kiwandani imepona, Januari 2025 mtafiti wa usalama Sam Curry na mwenzake walieleza walivyoingia kwenye Starlink ya Subaru (mfumo wao wa kuunganisha gari na intaneti, sio ile ya setilaiti), wakawa na uwezo wa kuwasha gari na kusoma historia ya mahali ilipopita mwaka mzima. Nayo ilirekebishwa.

Kwa hiyo kama parking yako inaonekana dirishani, chukua rimoti ya mawimbi ya masafa marefu inayokujibu kwamba gari imewaka, basi. Ukilazimika apu, paswedi ya peke yake isiyotumika kwingine, na siku ukiuza gari futa akaunti, maana ukiisahau utabaki na uwezo wa kuwasha gari ya mtu mwingine, na aliyekuuzia wewe naye vilevile.

Na kitu kimoja naomba usikipuuze: kama gari inalala kwenye gereji iliyoungana na nyumba usiwashe kwa rimoti mlango ukiwa umefungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inapenya ndani inaua watu wamelala. Rimoti ikibonyezwa mfukoni kwa bahati mbaya gari inawaka na wewe hujui. Weka kile king'ora cha kuinusa hiyo gesi ndani ya nyumba.

Nimeagiza gari Japani, imekuja na kirimoti cha ajabu chenye antena ya kuvuta na maandishi ya Kijapani, sio cha kufungulia milango. Nini hiki? (Arusha)

Hicho ndo chenyewe, umepewa bure. Wajapani wa maeneo ya baridi kama Hokkaido wanafunga sana hivi vitu, Carmate na Yupiteru ni majina utakayoyaona mgongoni. Weka betri, gari ikae parki, handibreki juu, jaribu. Mara nyingi wauzaji kule wanatuma gari rimoti imeshapotea, so gari ina kifaa ndani na wewe hujui. Kwako kazi ni moja, fanya lile jaribio la ufunguo wa chuma mtupu, ujue aliyefunga kule aliiachaje imobilaiza. Kama huna mpango wa kukitumia mpe fundi umeme anayejua kusoma waringi akitoe kabisa, arudishe nyaya za swichi kama zilivyotoka kiwandani. Usikubali akate tu na kuacha ncha zinaning'inia, waya zile zinabeba umeme mkubwa.

Huku Muscat joto la Julai gari ni tanuri, nawasha kwa rimoti AC ifanye kazi kwanza. Mwizi si atapanda tu aondoke nayo? (Oman)

Ndugu yangu kama imefungwa sawasawa haondoki. Milango inabaki imelokiwa. Tuseme amevunja kioo ameingia, gari ya ufunguo wa kuchomeka usukani bado umeloki kwa sababu hamna aliyezungusha ufunguo, na gari otomatiki ya kisasa haitoki kwenye P bila kukanyaga breki, na ukikanyaga breki bila ufunguo kifaa kinazima injini. Jaribu leo, washa kwa rimoti, ingia, ufunguo uache nje mbali, kanyaga breki. Injini ikizima vizuri. Ikiendelea, waya wa breki haukuunganishwa, rudi ulikofunga. Angalia na boneti pia, ikiwa wazi rimoti isiwashe, kuna swichi yake, hiyo inalinda vidole vya fundi wako kwenye feni. Na watoto wasibaki ndani hata kama AC inapuliza.

Bodaboda na gari yangu zote zina GPS inayoweza kuzima injini kwa meseji. Hiyo ni usalama tosha? (Morogoro)

Ulibadilisha paswedi? Vingi vya hivi vinatoka kiwandani na 123456, na amri za meseji ziko mtandaoni kila mtu anaziona. Mwaka 2022 kampuni ya BitSight ilieleza udhaifu kwenye MiCODUS MV720, kifaa kinachouzwa nchi nyingi sana, mpaka serikali ya Marekani ikatoa tahadhari, kwa sababu mtu wa mbali angeweza kukata mafuta gari ikiwa inatembea. Badilisha leo, ruhusu namba yako tu, na namba ya laini iliyomo ndani ya kifaa usimpe mtu.

Bima watanikatalia wakijua nimefunga? (Kinondoni)

Wasipojua ndo watakukatalia. Waandikie kabla, utunze risiti ya fundi na picha za kazi, na kama sera yako inataja imobilaiza ya kiwandani soma hicho kipengele mara mbili kabla hujampigia fundi.