Usimkabidhi wakala wa ng'ambo vyumba vyako vyote

Usitie saini mkataba huo. Mleta mada, mwenye vyumba vya kulaza watalii, anasema wakala wa ng'ambo anayeleta wageni yuko tayari kushikilia vyumba vyake vyote kwa msimu mzima, benki imekubali kumkopesha fedha za kuongeza vingine, na hana wasiwasi kwa kuwa utalii wa dunia, baada ya korona, umerudi ulipokuwa 2019. Kisha anauliza awarudishe lini wafanyakazi wa zamani na atangaze wapi. Nimesoma nikadhani kuna mtu ameiba barua yangu ya kuombea mkopo.

Wastani wa dunia haulali katika vyumba vyako. Kwa hesabu za Shirika la Utalii Duniani, mwaka 2023 safari za kimataifa zilifikia takriban asilimia 88 ya zile za 2019, lakini Mashariki ya Kati ilikuwa imekwisha kuipita idadi yake ya 2019, ilhali Asia na Pasifiki ilikuwa kwenye asilimia 65 hivi ya idadi yake ya 2019, kwa sababu Japani haikuwafungulia wasafiri binafsi hadi Oktoba 2022, na China haikulegeza mipaka yake hadi Januari 2023.

Mimi niliuziwa wastani huo na mshauri ambaye hakuniuliza hata mara moja wageni wangu hutoka wapi na hufikaje. Alikuja na grafu iliyoporomoka 2020 kisha ikapanda kwa madaha, akanishawishi kwamba wageni wa masafa marefu wangefurika mara tu mipaka itakapofunguliwa. Nikakopa, nikajenga, nikampa wakala vyumba vyote. Kifungu kilichoniumiza kilikuwa kifupi: wakala anashikilia vyumba bila malipo ya awali, na anaweza kuvirudisha wiki mbili kabla ya wageni kufika bila kulipa chochote. Novemba 2021 kirusi cha Omicron, aina mpya ya korona, kilipotangazwa, nchi nyingi zilirudisha vikwazo vya safari ndani ya siku chache, na vyumba vyangu navyo vikarudishwa kwa barua pepe ya mistari mitatu. Wakala hakuvunja hata neno moja la mkataba, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kabla ya hapo, kila Alhamisi simu ya mapokezi ilikuwa ikilia: familia za humu humu nchini, wasiohitaji viza wala kupima kirusi mpakani, wakitaka vyumba vya Jumamosi. Tuliwajibu kwamba tumejaa. Daftarini tulikuwa tumejaa kweli. Vitandani hapakuwa na mtu. Mgeni wangu wa kudumu alikuwa mlinzi wa usiku, naye alikuwa akinidai.

Kwa hiyo, chumba kisicholipiwa malipo ya awali ni cha yeyote anayepiga simu leo. Mpe wakala theluthi moja ya vyumba, si zaidi, alipe sehemu isiyorejeshwa, na tarehe yake ya mwisho ya kuvirudisha iwe miezi miwili kabla, ili upate muda wa kuviuza kwa wengine. Marejesho ya mkopo yapigie hesabu kwa wageni wa ndani na wa nchi jirani peke yao; mapato yao yasipofikia marejesho hayo, usijenge. Wakala akikataa kulipa mapema, muulize kundi lake la kwanza limekwisha kukata tiketi za ndege au bado, na umwombe akujibu kwa maandishi.