Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii hulipa lini?

Unalipa, ila si wakati wote. Hulipa zaidi pale watu wanapokuwa wamepoteza imani na kampuni kwa jumla. Nategemea utafiti wa Lins, Servaes na Tamayo wa 2017, uliopima kampuni za Marekani katika msukosuko wa fedha wa 2008–2009: zilizokuwa na rekodi nzuri kwa jamii kabla ya msukosuko, faida ya hisa zao ilizizidi zenye rekodi mbovu kwa pointi 4 hadi 7 za asilimia. Jina lilikuwa limeshajengwa. Anayekimbilia kugawa madawati baada ya kashfa hayumo kwenye hesabu hiyo.

Ila msichanganye alama za uwajibikaji na uaminifu wenyewe. Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kinara wa sekta ya magari kwenye faharasa ya uendelevu ya Dow Jones, yaani orodha ya kampuni zenye alama za juu za uwajibikaji. Mwezi huohuo ikafichuka kwamba iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11! Kampuni ikaondolewa kwenye faharasa hiyo.

Kwa Tanzania, kwenye madini jambo hili si hisani tena: tangu marekebisho ya sheria ya 2017, mwenye leseni lazima kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mpango huo unaweza kuleta zahanati. Kuaminiwa, kwa maoni yangu, kunategemea zaidi fidia ya ardhi na usalama wa maji.