Mlango nao hucheza

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama mtu mzima ana haja ya kucheza, au mchezo tuwaachie watoto. Haja anayo, na nadhani kinachotupoteza ni mazoea ya kusema. Mzembe tunamwambia aache mchezo. Kazi ikiwa nzito tunasema si mchezo. Tumelifanya neno kuwa kinyume cha bidii, ilhali mtoto anayejenga nyumba ya udongo huitwa mara tatu asisikie.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, inajua zaidi. Jino likilegea linacheza. Usukani hucheza, msumari hucheza tunduni. Huwa tunalitaja hilo kama kasoro, lakini muulizeni seremala: mlango lazima uachiwe nafasi kidogo kwenye fremu, kwa sababu mbao hufura kwa unyevu, na uliobanwa sawasawa wakati wa kiangazi hukwama mvua zikija. Kwenye reli za vipande vilivyoungwa kwa bolti huachwa mwanya kati ya kipande na kipande, maana chuma hutanuka kwa joto. Mwanya ule haubebi mzigo wowote, lakini ukiuziba, reli itapinda. Mimi mchezo katika siku ya mtu nauona hivyo.

Wapo watakaosema, basi apumzike. Hapo sikubaliani nao. Kupumzika ni kuacha kufanya. Kucheza ni kufanya, tena kwa moyo wote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unataja mapumziko na mchezo, kila kimoja kwa jina lake. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ambalo ni la watu wote, katika ibara ya 24 linataja mapumziko, wasaa, kikomo cha saa za kazi na likizo yenye malipo. Mchezo haumo, na pengo hilo linanisikitisha.

Kuna wakati mimi na kaka yangu tulikosana, tukabakiwa na salamu tu. Kila tulipojaribu kuzungumza, neno lilipimwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya ugomvi ujao. Jioni moja akaweka ubao wa drafti mezani, akapanga kete, akanyamaza. Nikakaa. Nilipomla kete mbili kwa mpigo akacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyeomba radhi usiku ule. Tulishindana kwa nguvu zote bila mtu kuumia, kama mbwa wawili: mmoja huinamisha kifua na kuinua kiuno kuonyesha kwamba hataki vita, na mara nyingine mwenye nguvu hujiangusha mwenyewe ili mwenzake asikate tamaa. Sheria za drafti hazina askari. Yeyote kati yetu angeweza kuupindua ubao, na hakuna aliyeupindua. Maneno tuliyoshindwa kuambiana yalikuja baadaye, wiki kadhaa baadaye, tukiwa tunapanga kete.

Kwa hiyo wanaotushauri tucheze ili tufanye kazi vizuri zaidi kesho yake wananitia wasiwasi. Ukishautwisha mchezo mzigo huo, umeuziba ule mwanya. Sisi hatukucheza ili tupatane. Tungekaa kwa nia hiyo, tungeanza tena kupima maneno.

Bado tunacheza. Jumapili iliyopita alinifunga mara nne mfululizo, na nimeshamwomba marudiano.