Kabla hujanunua sensa mpya ya hewa

Mkuu, umesema gari inakosa sailensi (injini haitulii gari ikiwa imesimama), haina nguvu mlimani, mashine ya kusomea hitilafu imeonyesha msimbo P0101 na fundi anataka ubadilishe sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Usinunue bado. P0101 inasema tu kwamba hewa inayosomwa haiendani na hali ya injini. Haisemi sensa imekufa. Anza na bomba la mpira kati ya sensa na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini). Livute kwa mkono utazame ndani ya mikunjo, maana ufa mdogo pale unaingiza hewa ambayo sensa haijaipima, na dalili zinakuwa zilezile. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na inaniuma mtu akilipia kifaa kisicho na kosa.

Bomba likiwa zima, injini ikishapata moto, soma gramu za hewa kwa sekunde kwenye mashine. Injini ya lita 2 ikiwa sailensi husoma kati ya 2 na 4 hivi, na ukikanyaga mafuta namba ipande papo hapo. Ikibaki chini, zima gari, toa sensa, ipulizie dawa maalum ya kusafishia sensa ya hewa (ya kabureta hapana!), usiguse ule waya mwembamba wa ndani yake, iache ikauke kabisa. Tatizo likirudi na nyaya za soketi inayochomekwa kwenye sensa ni nzima, hapo badilisha.