Maswali yenu: Pebbles ana umri gani hasa?

Safari hii barua nyingi zimehusu katuni ya The Flintstones, ile ya familia ya zama za mawe (Fred, mkewe Wilma, binti yao Pebbles na Dino, dinosaria wanayemfuga) na majirani zao Barney na Betty, pamoja na mifululizo ya watoto iliyotokana nayo.

Leo Pebbles yuko chekechea, kesho ni msichana wa sekondari. Wanangu wananiuliza, sina jibu. (Mama wa watatu, Morogoro)

Waliovuruga miaka ni watengenezaji wenyewe, mama. Katuni mama ilirushwa Marekani na kituo cha televisheni cha ABC kuanzia 1960 hadi 1966, na Pebbles alizaliwa humo Februari 1963. Mwaka 1971 ikaja The Pebbles and Bamm-Bamm Show, na tayari yeye na Bamm-Bamm, mtoto wa majirani, ni vijana wa sekondari. Mwaka 1986, katika The Flintstone Kids, wakarudishwa utotoni Fred na Wilma, tena wakiwa marafiki, ilhali katuni mama ilishasimulia kwamba walikutana ukubwani! Halafu 1996, kwenye Cave Kids, Pebbles akawa mdogo tena, analelewa na Dino. Walio chini ya miaka sita waanzie hapo. Mpangilio wa miaka achana nao.

Mume wangu anasema katuni hii ilitangaza sigara. Ananitania? (Mombasa)

Hakutanii, dada. Mdhamini wa misimu miwili ya kwanza alikuwa Winston, chapa ya sigara. Katika tangazo moja Wilma anakata nyasi na Betty anakung'uta zulia, huku waume zao wamejificha nyuma ya nyumba wakivuta. Katuni ilionyeshwa usiku, kwa watu wazima: ugomvi wa ndoa, bosi mkali, Fred kumdanganya mkewe. Alipozaliwa Pebbles, tangazo likawa la juisi ya zabibu. Mifululizo ya baadaye ndiyo iliyolenga watoto. Kwa ucheshi, hata hivyo, hakuna uliomfikia mama yao.

Wanafunzi wangu wanaamini watu walifuga dinosaria. Niwaambie nini? (Mwalimu, Lindi)

Na unauliza ukiwa Lindi kwenyewe, mwalimu! Waambie dinosaria hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na binadamu kama sisi tuna takriban miaka 300,000 tu. Hata Zinjanthropus, zamadamu aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya katuni kuanza, ana miaka milioni 1.75 hivi. Kisha wapeleke kwenye ramani, waone Tendaguru, hukohuko Lindi. Wajerumani walichimba hapo kuanzia 1909 hadi 1913, kazi ya mikono ikifanywa na wenyeji, na mifupa ikabebwa hadi Berlin. Huko makumbusho kimesimamishwa kiunzi kimoja cha mifupa chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, cha mnyama aliyeishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Hapo hawatamkumbuka Dino.

Mbona Fred akikimbia, nyumba ileile inapita nyuma yake mara tano? (Kijana, Nakuru)

Kubana matumizi. Kampuni ya Hanna-Barbera ilichora mandhari fupi na kuizungusha. Itazame pia tai ya Fred na mkufu wa Wilma: vinaficha pale kichwa kinapoungana na mwili, ili kichwa kichorwe upya na kiwiliwili kibaki kilekile.

Bamm-Bamm alipata wapi nguvu zile? (Mtoto wa miaka minane, Zanzibar)

Aliachwa mlangoni kwa Barney na Betty, nao wakamlea. Nguvu alikuja nazo, mwanangu. Katuni haikujisumbua kueleza.