Kukamua maziwa ukiwa angani

Dada uliyeuliza ufanye nini na maziwa utakayokamua kwenye safari ya siku nne London bila mtoto: usiyamwage, uwanja wa ndege yanapita. Ule ukomo wa mililita 100 za vimiminika hauyahusu maziwa ya mama. Uingereza na Marekani wanaruhusu zaidi hata kama mtoto umemwacha nyumbani. Watajie wakaguzi wa uwanjani kabla begi halijaingia kwenye mashine. Ila Uingereza hawaruhusu yaliyoganda kwenye begi la mkononi, kwa hiyo siku ya kurudi yabebe yakiwa ya baridi tu, na yaliyoganda yaende kwenye begi la chini.

Kukamulia chooni mimi sikuthubutu. Padogo, na watu wanagonga mlango. Nilichukua kiti cha dirishani, nikajitanda khanga, nikawasha pampu ya kuchaji. Ngurumo ya injini inameza kelele zake zote, jirani yangu alilala fofofo. Usitegemee umeme wa kwenye kiti. Na jifunze kukamua kwa mkono kabla hujaondoka, maana pampu yangu ilizima katikati ya safari na kifua kikawa jiwe. Sitaki hata kukumbuka.

Maziwa mapya hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi saa 24 kwenye kibegi cha baridi chenye barafu iliyoganda sawasawa. Andika tarehe na saa kwenye kila chupa, kwa saa za nyumbani, la sivyo utachanganyikiwa.